Biasha Akataa Maji ya Kisima

Ukifika Kinjumbi na betri imekufa, utaelekezwa kwa Biasha, na atakayekuelekeza atakuonya kuwa mama huyo ana mdomo. Ni kweli anao. Mtu aliyelelewa kwenye majiko ya kuchemshia chumvi, akaachwa na mume eti ananuka asidi ya betri, na bado akadumu miaka tisa gereji kwa wanaume, angeishije bila mdomo?

Ibrahimu, mwenye gereji, alimvumilia kwa kuwa kazi aliijua. Siku moja uvumilivu ulimwisha. Abilahi, dereva wa lori la korosho na mteja wao mkubwa, alikuja na haraka zake. Biasha alifungua vifuniko sita vya betri, akachungulia kimoja kimoja. Maji yalikuwa yameshuka mpaka sahani za ndani zimebaki wazi. Maji maalumu ya betri nayo yalikuwa yamebaki matone gerejini, mengine yangeletwa kesho yake kutoka Somanga. Abilahi akasema atie ya kisima, yeye hutia hayo siku zote. Biasha akakataa. Ibrahimu akamwambia atie, la sivyo avue ovaroli aende kwao.

Hasira zilimpanda, na machozi yakamlenga, maana kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Hakuvua. Alikwenda kwa muuza chai wa jirani, akaweka vijiko viwili juu ya makaa, kimoja cha maji ya kisima, kingine cha maji ya betri. Wanaume wakamfuata wakicheka. Maji yalipokauka, kijiko cha maji ya betri kilikuwa kitupu. Cha maji ya kisima kilikuwa na ukoko mweupe.

"Hiyo ndiyo chumvi unayoilisha betri yako, kaka Abilahi," alisema. "Ikifa, unatangaza Biasha kaiua."

Abilahi aliugusa ukoko, akauonja. Ibrahimu, kwa kuona haya, akarudia amri yake: mteja ameshasema. Biasha akarudi gereji, akafunga vifuniko vyote sita na kuisukuma betri mbele ya tajiri wake.

"Tia wewe. Mkono wangu hauyaweki humo, na ovaroli sivui."

Ibrahimu aliitazama betri, mikono imo mfukoni. Aliyesema ni Abilahi, macho chini.

"Hayo ya Somanga yanafika saa ngapi, fundi?"

Biasha, ambaye miaka yote tisa hakuna aliyemwita hivyo, alimjibu kesho saa nne asubuhi, na asichelewe.