Mwito wa Ndama

Mama Bernadette anauza samaki wa chumvi wa Kasenyi katika kisoko cha Shari, lakini ukimwuliza kazi yake atakuambia ni mfugaji. Ng'ombe wake wote walichukuliwa wakati yeye na jamaa zake walipokimbia kijiji. Mimi ni mpangaji wake huko Ngezi, na sikuwahi kumwona akifuga hata kuku, mpaka alipookota mboloko.

Watu walikuwa wamechoma majani ng'ambo ya kijito. Yule swala mdogo alikimbia moto, akajificha katika mahindi yetu, manyoya ya mgongoni yamebabuka. Mama Bernadette alimfunika kwa kitenge chake upesi, majirani wasimwone.

Walimwona tu. Mama Gracia alichungulia juu ya ua.

"Bernadette, unalisha Pasaka yetu? Siye tuko na pilipili!"

"Funga kinywa, Gracia. Huyu ni mutoto."

"Mutoto? Atabatizwa siku gani?"

Wote wawili walicheka, lakini tangu hapo mlango wa jikoni, alimolala mboloko, ulitiwa kufuli.

Alimlea kama ndama aliyefiwa na mama. Alinunua maziwa kwa Josaphat, mchungaji aliyepita kwetu kila asubuhi na ng'ombe wake, akachovya vidole, mboloko akavinyonya. Kisha alirudi nyuma kidogo na kuita, "Huuu-oo! Njoo, njoo!" Ndivyo wachungaji wote wa kwetu wanavyoita ndama. Mboloko alikuja mbio, akitafuta vidole.

"Umeona, binti? Anajua sauti yangu," aliniambia, na uso wake ukawa wa msichana.

Lakini mnyama alikua. Wanaume nisiowajua walianza kusimama langoni kuuliza bei.

"Hapa watamukula," alisema. "Miye nataka huyu aishi. Huyu mumoja tu."

Tukambeba katika kikapu cha samaki mpaka vichakani, mbali na nyumba. Alimfungua kamba ya shingoni ili asinaswe na miiba. Mboloko hakuondoka, alisimama akitutazama. Njia yote ya kurudi Mama Bernadette aliziba mdomo wake kwa kitenge, asije akamwita.

Mvua zilipoanza, Josaphat alileta maziwa pamoja na kitu kilichofungwa katika jani la mgomba.

"Mama, hii paja ni yako. Weye ni mukiliya wangu muzuri, unanunua maziwa kila siku. Nilikuwa naita ndama kule kwenye vichaka, mboloko akakuja pamoja nabo, mbio! Sikutupa hata jiwe. Akaanza kunyonya vidole yangu, nikamukamata tu na mikono." Alicheka. "Mungu iko!"

Kwetu nyama ya zawadi haikataliwi. Mama Bernadette aliipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, mwanangu," alisema.

Josaphat alienda zake akipiga mluzi. Mama Gracia, aliyesikia yote kutoka uani kwake, alifungua kinywa kama mwenye neno la utani. Akautazama uso wa jirani yake. Akaingia ndani, akarudi na jembe.

Walichimba katika mahindi. Mama Bernadette alilaza lile jani shimoni, akalifunika udongo kwa viganja.

"Hakumuogopa," alisema. "Ni miye nilimufundisha."

Asubuhi, mwito wa Josaphat ulisikika njiani kama kawaida. Mama Bernadette alikuwa akipanga samaki wake kikapuni. Aliuacha mkono hewani mpaka ng'ombe wote walipopita.