Katlesi Zisizo na Pilipili

Mimi nina hasira za karibu, na wanaonijua hapa Makole, Dodoma, hawanishangai tena. Dada Loisi hana kabisa. Nadhani siku hasira zilipogawiwa yeye alikuwa jikoni anaponda viazi, na fungu lake nikapewa mimi. Ndiyo maana kisa hiki nakisimulia mimi, Rubina. Ukimwachia mwenyewe atakisimulia mpaka ufike mwisho uone hakuna aliyekosea.

Loisi Mazengo alitoka Haneti akiwa msichana, akaja kufanya kazi kwa mama yangu, Nurjehan, aliyekuwa akipika vitafunwa vya sherehe. Kiswahili chake kilikuwa bado kigumu wakati huo, na asubuhi alikuwa akimwamkia mama kwa "mbukwa" ya kwao mpaka mama naye akaizoea. Mama akamweka kwenye katlesi. Wapo wanaodhani katlesi ni kiazi kilichotiwa nyama ndani, basi. Waache wadhani hivyo, zikiwapasukia kwenye mafuta watajua. Kiazi kinachemshwa na ganda lake, maana ukikimenya kwanza kinakunywa maji. Kinapondwa kingali kinaunguza vidole. Nyama ya kusaga inakaushwa kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu mpaka isibaki na maji. Halafu unatengeneza kikombe cha kiazi kiganjani, unajaza nyama, unafunga, unachovya kwenye yai, unatia karaini. Mama alipofariki, biashara ikabaki kwetu wawili. Mimi napokea simu na kugombana na wateja, Loisi anapika.

Loisi ana binti, Jenifa, lakini hakumzaa yeye. Aliyemzaa ni Foibe, mpangaji mwenzake Loisi katika nyumba iliyo nyuma ya kwetu. Asubuhi moja Foibe alimwachia mtoto, hata kusema vizuri bado hajajua, akaaga kwamba anafuata mzigo wa vitunguu Singida na Jumapili atakuwa amerudi. Jumapili ikafika, ikaja nyingine, zikafuatana. Ndugu zake Loisi kule Haneti walimwambia ampeleke mtoto serikalini. Akawajibu, "Mwenyewe akirudi atamkuta wapi?" Alianza hivyo tu, kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake stendi. Mtoto alipoanza kumwita mama, hakumkataza. Alikuja kwangu kunieleza, akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Siku moja, mtoto yuko chini ya meza yetu anachezea maganda ya viazi, akaokota katlesi akaitia mdomoni. Ilikuwa na pilipili. Alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, midomo imemvimba. Tangu siku hiyo, kila tukipika, Loisi hutenga kiazi na nyama kidogo kabla ya pilipili kuingia, akatengeneza katlesi zenye umbo la yai ili zisichanganyike na zile za duara. Hizo ni za Jenifa. Mteja awe mbunge au mwenye duka la saruji, za Jenifa zinatangulia. Nilikuwa namtania kwamba siku akienda mbinguni atamwuliza Mungu kama za mtoto zimetengwa.

Mtoto akakua kwa mlenda na katlesi, akasoma, akamaliza chuo kikuu hapahapa Dodoma, akapata kazi wizarani. Mwaka huohuo Foibe akarudi. Nilikusudia kumchukia na nilijitahidi sana, lakini mwanamke mwenyewe alikuja amekonda, akapiga magoti uani mbele ya Loisi, analia. Loisi akamwinua. Akamkalisha, akamkaangia katlesi. Mimi nilitoka nje, kwa sababu ningebaki ningesema neno.

Basi Jenifa akapata mchumba, Zablon, kijana wa kutoka Mara, wa watu wenye heshima zao. Sherehe ya kumuaga ikapangwa. Jenifa alikuja jikoni kwetu jioni moja, akavua viatu mlangoni kama zamani.

"Mama, kamati wanataka sambusa. Mimi nimewaambia bila katlesi zako hakuna sherehe."

Loisi alifurahi hadi akasahau kijiko mkononi. Kisha akauliza taratibu, akijifanya anakoroga nyama, "Na mimi nitakaa wapi, mwanangu?"

"Hilo tutapanga, mama. Usiwe na wasiwasi."

Kwa desturi ya sherehe hizi, binti hukata keki na kuwalisha wazazi mbele ya watu. Mama huitwa kwa jina, husindikizwa kwa vigelegele, binti hupiga goti, humlisha. Kwa mama ambaye hakupata ndoa wala mtoto wa tumboni, siku hiyo ni yote aliyonayo. Loisi hakusema hivyo, lakini alishona gauni la kitenge kilekile cha sare ya akina mama, akalijaribu kwangu mbele ya kioo, akaniuliza kama mkono si mfupi. Akaniambia alichopanga. Katlesi za Jenifa hatazipa wahudumu. Ataziweka kwenye sahani, na akiitwa kula keki ataipeleka mwenyewe. "Yeye anilishe keki, mimi nimlishe katlesi," alisema. "Ndiyo chakula nilichomlea nacho."

Siku ilipofika tulihamia jiko la ukumbi tangu mchana. Upepo wa Dodoma ulikuwa unatupa vumbi mlangoni, tukaziba kwa khanga. Loisi alivaa gauni lake chini ya aproni, joto lote lile, kwa sababu aliogopa kuitwa hajawa tayari. Nikamwambia avue, atavaa baadaye. "Wakiita ghafla je?" akanijibu. Alikaanga akiwa amenyoosha mikono mbali na kifua, mafuta yasimrukie. Hakuna katlesi hata moja iliyopasuka. Zile za umbo la yai alizikaanga mwisho, ziwe za moto, akazipanga kwenye sahani nyeupe ya mama yangu ambayo aliiomba kwangu.

Muziki ukapungua. Tukasikia mshereheshaji akitangaza keki. Loisi alivua aproni, akanawa mikono kwa ndimu kuondoa harufu ya kitunguu, akanawa tena. Akashika sahani yake, akasimama kwenye mlango wa jiko unaotazama ukumbini. Mimi nilikuwa nyuma yake, namrekebisha kola.

"Sasa tunamwita mama mzazi," mshereheshaji alisema, "mama aliyembeba, aliyemlea, aliyemsomesha binti yetu mpaka leo tunamwona hivi alivyo! Mama Foibe!"

Vigelegele vikapigwa. Foibe aliinuka meza kuu akiwa na gauni la kitenge kilekile. Alitembea ameinamisha kichwa, na nikimtendea haki nitasema hakuonekana mwenye furaha. Jenifa akapiga goti, akamlisha. Watu wakapiga picha. Loisi alibaki pale mlangoni na sahani yake. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti, nikauona ukirudi.

Mimi niliona giza. Nilitaka kwenda kumnyang'anya mtu yule kipaza sauti nimwambie aliyembeba mgongoni alipougua surua ni nani, aliyeuza khanga zake alipie fomu za shule ni nani. Loisi akanishika mkono, akanikamata kwelikweli.

"Usimwaibishe mwanangu mbele ya wakwe," alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea jiko."

Hakuwa amezoea chochote.

Bado lilikuwa limebaki jambo. Mshereheshaji akaomba makofi kwa ajili ya wapishi. "Bibi harusi wetu mtarajiwa ameniomba nisimsahau Mama Katlesi! Mama Katlesi, popote ulipo, tunakushukuru!" Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Jenifa alisimama kabisa kupiga makofi, anatabasamu kuelekea jikoni. Nakuapia, alidhani anamheshimu.

Loisi alirudi ndani. Akaweka sahani mezani, akachukua aproni, akaivaa juu ya gauni, akaifunga vizuri mgongoni. Akawasha jiko akaanza kukaanga zilizobaki. Alilia akikaanga, bila sauti, na machozi mengine yakaingia kwenye mafuta yakaruka. Nikapunguza moto mwenyewe.

Baadaye kidogo Jenifa akaingia jikoni ameshikilia gauni lisiguse sakafu, yuko na dada yake Zablon, msichana mchangamfu aliyekuja kutuona.

"Wifi, huyu ndiye mama mdogo niliyekuwa nakwambia," Jenifa alisema. "Anapika katlesi hakuna mfano."

"Shikamoo, mama mdogo," yule wifi alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukweni walikuwa wameambiwa habari nyingine tangu mwanzo. Binti aliona aibu kueleza kwamba mama yake alimwacha, akaona ni rahisi kumfuta aliyemwokota. Mama mdogo! Loisi amemzidi Foibe umri, na wala si ndugu. Kama ni kumshusha, basi angalau angempa ukubwa. Nilimtazama Loisi nikimwomba kwa macho akatae, mara hii moja tu katika maisha yake.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Karibu jikoni. Chukua ya moto."

Wifi akala, akasifu, akapepea mdomo kwa pilipili, akacheka. Kisha akaiona sahani nyeupe.

"Na hizi mbona zina umbo lake?"

Jenifa aliitazama ile sahani. Nilimwona anakumbuka. Rangi ya mdomo ilikuwa imekolea, lakini mdomo wenyewe ulikuwa wa yule mtoto wa chini ya meza.

"Hizo hazina pilipili," Loisi alisema. "Ni za mtoto wangu. Hawezi pilipili tangu mdogo."

"Kumbe una mtoto, mama mdogo! Naye yuko humu ukumbini?"

Mafuta yalikuwa yanachemka. Jenifa aliinama, akashughulika na pindo la gauni lake.

"Hapana," Loisi alisema. "Nilimtegemea leo. Hajaja."

"Jamani, pole. Basi mfunikie, mama, asije akazikuta zimepoa."

Loisi akachukua sahani nyingine, akazifunika.