Fimbo ya Shaba Iliyokatwa Homa Bay

Katika miaka ya sitini nilikuwa mkaguzi wa kazi za umeme, ofisi yangu ikiwa Homa Bay. Nayaandika haya kwa sababu yaliyoandikwa rasmi si kweli.

Wavuvi walikuwa wamejengewa ghala la barafu ufukweni, na ndani yake jenereta ya akiba, ya kuwashwa umeme wa mji unapokatika. Kanuni ilikuwa wazi: jenereta iwe na ethi yake yenyewe, yaani fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini na kuunganishwa kwa waya na bodi la mashine, yaani gamba lake la chuma, ili umeme ukivuja uingie ardhini, usipite katika mwili wa mtu. Ethi ya laini ya mji haikutosha, kwa kuwa laini ikikatika, huenda na ethi yake imekwenda nayo.

Kontrakta aliipigilia fimbo ikagonga mwamba kabla ya kufika nusu. Hakutafuta mahali pengine. Aliikata kwa msumeno, akazungushia saruji, akapaka rangi ya kijani. Nilipima, haikufaa kitu.

"Inspekta, unataka nichimbe mpaka nimpate shetani?" aliuliza, na vibarua wake wakacheka.

Nilikataa kutia sahihi cheti cha kuipitisha kazi hiyo. Nilimwandikia mkuu wangu barua, nikabaki na nakala. Akaniita.

"Mgeni rasmi anakuja Jumamosi. Nimwambie sherehe imezuiwa na fimbo?"

Alitia sahihi mwenyewe. Siku ya sherehe nilikiona kile kipande kilichokatwa: kilikuwa kigingi cha hema la wageni wa heshima.

Kiangazi kilipofika, umeme wa mji ulikatika. Mhudumu wa mashine, mtu wa Muhuru Bay, aliwasha jenereta akiwa pekupeku juu ya sakafu iliyojaa maji ya barafu. Waya wa ndani ulikuwa umechubuka, ukagusa bodi, naye akaligusa. Aliokoka, lakini vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjuka tena.

Kamati ya uchunguzi iliandika: uzembe wa mhudumu, hakuvaa viatu. Barua yangu haikuwamo kwenye faili. Nilipotoa nakala, mwenyekiti alisema hapokei karatasi kutoka nyumba za watu. Mhudumu alifukuzwa kazi, mimi nikahamishiwa Migori, na kontrakta akapewa ghala jingine kule Sori.

Mhudumu alinifuata Migori kuomba msaada wa kudai kazi yake. Nilimpa ile nakala, nikiamini nampa silaha. Aliisoma polepole, akifuatisha mistari kwa kidole cha kushoto.

"Hii tarehe ni ya kabla ya sherehe."

"Naam."

"Kumbe ulijua, Inspekta."

"Nilimwandikia mkuu."

"Mkuu hakuwa anashika mashine. Mimi ndiye nilikuwa nashika. Na kila asubuhi ulipita pale ukaniuliza habari ya watoto."

Aliikunja kwa mkono mmoja, akairudisha mezani, akaondoka.

Ninayo hadi leo. Haina kosa, ila katika jina la aliyeandikiwa.