Kufuli wa Mzee Pankrasi

Mzee Pankrasi wa Mshangano alitunza ghala la mahindi kwa miaka ishirini na tisa, na miaka yote hiyo ufunguo haukulala mfukoni mwa mtu mwingine. Hilo alilisema misibani, alilisema harusini, aliwaambia hata watu waliomuuliza njia tu. Alipostaafu alirudi nyumbani na tabia ile ile. Stoo alifunga yeye, kabati la sukari alifunga yeye, na mkewe Oliva, aliyeishi naye miaka thelathini na minne, aliomba ufunguo kila alipotaka kuandaa chai. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba kitu kikishikwa na mikono ya watu wawili, kimeshaanza kuibiwa.

Wezi walipobomoa banda na kuondoka na nguruwe wawili, mwanaye Valence, fundi majokofu Dar es Salaam, alimtumia mbwa kwa basi. Kilikuwa kitoto cha miezi miwili ndani ya boksi la sabuni, cha ile aina kubwa inayolinda mashamba Afrika Kusini, ngozi imekizidi kama koti la kuazima. Kilimlamba Oliva vidole kabla boksi halijafunguliwa vizuri. Oliva akacheka. Pankrasi hakucheka.

"Mama Valence, usimzoee," alisema. "Huyu atajua mkono mmoja tu."

Akampa jina la Kufuli.

Romwaldi, bwana mifugo wa kata, alikuja kumchanja. Alimpa mzee shikamoo yake, akamshika mtoto wa mbwa miguu, akapima mifupa kwa vidole na kutikisa kichwa.

"Huyu atafika kilo sitini, Mzee. Miezi hii miwili, mitatu, ndiyo ya kumwonyesha watu. Ashikwe na mama, ashikwe na wageni, umpeleke mpaka gengeni asikie kelele. Muda huu ukipita, kumrudisha ni kazi kubwa."

"Nataka mlinzi, mwanangu. Sitaki mpambe wa harusi."

Basi akafanya kama wanavyofanya wengi hapa kwetu, upuuzi ambao hakuna anayejua nani aliuanza. Alimfungia Kufuli bandani, akaziba nyufa kwa magunia ili asione mtu mchana. Kwenye uji alimtilia pilipili kichaa. Chakula alipeleka yeye, maji alipeleka yeye, na jioni alimtoa yeye, wakazunguka uani wawili peke yao. Na mbwa alikua. Kila wiki Pankrasi alilazimika kulegeza ukanda wa shingoni tundu moja.

Kilichobaki ni somo la nyama. Jumapili, baada ya misa, alimwita Oliva uani na kumpa kipande cha utumbo.

"Mnyooshee."

Oliva alinyoosha mkono. Kufuli alikuja mbio, mkia unazunguka, maana harufu ya mwanamke yule aliikumbuka tangu siku ya boksi. Alipofungua mdomo tu, Pankrasi akamshushia fimbo ya mwanzi kutoka nyuma. Mbwa alilia kama mtoto. Oliva aliuangusha utumbo, akaomba yaishe. Hayakuisha. Wezi huja na nyama yenye sumu, mumewe alimweleza, na mbwa lazima ajue kwamba mkono mwingine wowote ni kipigo. Na mkono mwingine uliokuwepo hapo nyumbani ulikuwa wa Oliva.

Walirudia Jumapili nne. Ya pili, Kufuli alikuja akijikunyata. Ya tatu hakuja. Ya nne, Oliva alipoinua mkono kufunga kilemba chake tu, mbwa alishusha kichwa na kutoa sauti ndogo, nzito, ambayo hawakuwahi kuisikia.

"Ameelewa," alisema Pankrasi, na alifurahi kweli.

"Na siku wewe usipokuwepo?" aliuliza Oliva.

"Nipo."

"Nakuuliza, Baba Valence. Ukilazwa, ukisafiri, mimi nitatokaje humu?"

Aliosha fimbo, akaiegemeza ukutani.

Kufuli alipofikisha mwaka na miezi kadhaa, nyumba ilianza kukauka watu. Jumuiya ya Jumamosi, inayosali kwa zamu nyumba hadi nyumba, iliwaruka mara moja, ikawaruka mara ya pili, na Justa, mwenyekiti, alimwambia Oliva kwa upole kwamba wazee wanaogopa. Wilfred, jirani aliyezoea kupita kuomba moto na maneno mawili, sasa alisalimia kutoka barabarani, "Tumsifu Yesu Kristo," na kuendelea kutembea kabla hajajibiwa. Oliva alijifunza kwenda chooni pale tu mumewe alipomshika mbwa. Pankrasi aliyaona yote hayo akayahesabu kuwa ni amani. Usiku mwizi hakuja, na mchana pia hakuja mtu.

Alikuwa na presha. Vidonge alivimeza alipokumbuka.

Asubuhi moja ya Julai, ukungu wa milima ya Matogoro haujapanda bado, alitoka na sufuria ya ugali na dagaa, akafungua banda. Kufuli alipita akimsugua goti. Mzee alipiga hatua tatu, na mguu wa kushoto ukakataa. Aliona sufuria ikienda upande wake, yeye upande wake. Alipotaka kusema neno, mdomo ulimwaga mate.

Kufuli hakugusa ugali. Alimnusa uso, akamzunguka, kisha akalala amekingama kifuani pake, kichwa kikitazama mlango wa jikoni.

Oliva alitoka, akamwona, akaita jina lake la ubatizo, ambalo hakulitumia tangu ujana. Alipiga hatua moja na mbwa akasimama. Meno yote yalikuwa nje. Oliva alimwonyesha mikono mitupu, na hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Kufuli aliruka, akamkosa kwa shubiri moja, akarudi upesi juu ya mzee wake.

Watu walisikia, wakajaa kwenye uzio. Wilfred alikuja na mkuki, akaushusha, maana mbwa na mtu walikuwa kitu kimoja pale chini. Romwaldi alipiga simu kutafuta askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Askari alikuwa mbali, njia ya Namtumbo. Muuguzi mmoja alisema mgonjwa wa namna ile hasubiri, akalisema mara mbili.

Pankrasi alisikia kila kitu. Uzito wa mnyama ulikuwa wa joto, na moyo wake ulimdunda juu ya mbavu. Alikusanya nguvu zote zilizobaki ili aseme neno moja la kumtuma mbwa bandani. Ikatoka sauti ya kukoroma. Kufuli aliisikia, akadhani bwana wake anaumizwa, akageuka na kuwangurumia watu kwa ukali zaidi.

Oliva aliketi chini uani, hatua nne kutoka kwa mumewe, pale pale ambapo mbwa alikuwa amemwekea mpaka. Alikunja mikono ndani ya khanga ili isionekane.

"Nipo hapa," alimwambia mumewe. "Nakuona. Siwezi kufika."