Mizimu ya Kwao Mwanaisha

Mwanaisha wa Sindeni si mtu wa kusamehe, na anayesema vinginevyo hamjui.

Binti yake Maryamu alizaliwa na tundu kwenye moyo, ila wakati huo hakuna aliyejua. Watu waliona tu midomo yenye rangi ya zambarau, na ile tabia ya kuchuchumaa. Akitembea kidogo, huyo, kachuchumaa njiani anahema. Mama mkwe, Bi Mwaija, akakata shauri mbele ya ndugu wote: mizimu ya kwao mama yake inamvuta ardhini. Kwa Wazigua ukoo wa mama ni mzito, basi neno likanasa. Awadhi, mume asiye na ubavu wa kumpinga mama yake, akatoa talaka. Bi Mwaija akamwoza mwanawe mke mwingine, Mwanaidi, kutoka ukoo alioapa kuwa hauna doa.

Mwanaisha alilia, kisha akaacha kulia akaanza kuchukia, na chuki ilimfaa zaidi. Aliposikia madaktari wa moyo wamefungua kliniki Korogwe ya kupima watoto, alimbeba Maryamu akaenda. Daktari akamweleza kwamba kuchuchumaa kunasaidia damu ipite kwenye mapafu. Mtoto alikuwa akijiokoa mwenyewe. Wakapelekwa Dar es Salaam, kifua kikafunguliwa, tundu likazibwa. Maryamu akarudi na kovu refu na midomo kama ya watoto wenzake.

Tangu hapo Mwanaisha alipita naye kila asubuhi mbele ya nyumba ya Bi Mwaija, ingawa njia ya kisimani ilikuwa kwingine. "Kimbia, mama, kimbia wakuone!" Shikamoo hakutoa, na alitaka ijulikane kwamba hakutoa.

Lakini Mungu si Athumani. Sufiani, mtoto wa Mwanaidi, naye akaanza kuchuchumaa. Bi Mwaija akamficha ndani, maana angesema nini sasa, na ukoo ule aliusifia mwenyewe? Siku mtoto alipozimia ndipo alipotoka naye mbio mpaka kisimani alikokuwa Mwanaisha, Mwanaidi akilia nyuma yake, wanawake wote wakiwa pale wanateka maji.

"Hujambo, mwanangu," alianza yeye, mtu mzima. "Tupeleke kwa wale madaktari wako."

Mwanaisha aliona raha mpaka kooni, wala hakuona haya.

"Mizimu ya kwetu imefuata nini kwa mjukuu wako?"

"Mwanangu, mtoto anakufa."

"Sema kwanza. Wenzangu hawa walisikia ulivyonisema. Wasikie na leo."

Sufiani alikuwa amezinduka, anahema kwa shida. "Mwanaisha, jamani, mtoto!" wanawake walimkemea. Mwanaisha alimwona mtoto anavyohema, lakini alisubiri.

"Nilikusingizia," alisema Bi Mwaija. "Ukoo wenu hauna kosa."

"Sijasikia."

Bi Mwaija akarudia kwa sauti, machozi yakimtoka mbele ya wakwe na majirani. Hapo Mwanaisha akampokea mtoto, akamfunga kwa khanga yake, akaita bodaboda.

"Mungu akubariki. Basi yamekwisha, mwanangu?"

"Huyu hakunikosea," Mwanaisha alijibu akipanda. "Wewe ulinikosea. Baki."

Mwanaidi akapanda nyuma yake, pikipiki ikashika njia ya Korogwe, na Bi Mwaija akabaki kisimani, wanawake wakimpa mgongo na kuendelea kuteka maji.