Buyu la Letisia

Mashine ya kuoshea vyombo ilijaa maji machafu yasiyotoka, na meneja wa shamba la ngano aliapa kumfukuza kazi aliyeiharibu. Letisia, mpishi wa nyumba ya wageni, alichomoa waya wa umeme, akachota maji kwa kopo, akazamisha mkono na kutoa chujio. Lilizibwa na vipande vya mkaa.

Mimi, mwanafunzi wa kilimo niliyekuwa mafunzoni hapo, nilielewa. Huku Hanang, buyu la maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yanukie vizuri.

"Dada, vitupe," nilinong'ona. "Sema ni mabaki ya chakula."

"Wewe bwana shamba wa chuoni, mkaa unaliwa?" Akacheka, akasuuza chujio, akalirudisha, akachomeka waya, akawasha. Maji yakanguruma, yakatoka yote.

Kisha akamfuata meneja, mkaa kiganjani.

"Shikamoo mzee. Ni mimi. Niliosha buyu langu humo. Mashine imepona."

Meneja aliutazama ule mkaa.

"Na buyu?"

"Linanuka sabuni, mzee. Sirudii."

Meneja akacheka, akamwambia aandae chakula cha mchana.

Nimesikia hotuba nyingi kuhusu ujasiri wa mfanyakazi. Siku hiyo niliuona kwa macho, una viganja vyeusi.