Alumini Haitaki Taratibu
Gaudensia, fundi wa kuchonga vyuma pale Mtendeni, hana hamu na neno "taratibu". Alumini inataka kisu kizunguke kasi, kiwe na meno mawili tu, mabaki yanayochongwa yapate pa kutokea. Kisu hicho kilikuwa kimevunjika. Kimebaki cha meno manne. Na Mzee Dionis wa Ipole alishayeyusha sufuria zote za marehemu mkewe, akamletea bonge moja tu amchongee gia ya mashine ya kukamulia asali.

Gaudensia akalimwagia bonge mafuta ya taa lisigande kwenye kisu, akaikimbiza mashine yake ya kuchongea.

"Taratibu, mwanangu!" mzee akalia.

Kwa heshima tu, Gaudensia akapunguza kasi. Alumini ikaganda kwenye meno, kisu kikakwama, gia ikapasuka.

Mzee akaokota nusu moja. "Si nilikwambia taratibu?"